Rehema ya Mungu na ahadi ya wokovu: jina lililotangazwa Sinai na jibu lake msalabani

Ndugu zangu,

Kila rehema ya Mungu inapotajwa, mabishano hujirudia yale yale. Wapo wanaosema kwamba Mungu ni upendo na kwa hiyo hatamhukumu mtu yeyote, na wapo wanaowajibu kwamba Mungu ni moto ulao, kwa hiyo mwenye dhambi asijidanganye. Kila upande una mistari yake, na mara nyingi watu huishia kurushiana mistari hiyo bila hata mmoja kumsikiliza mwenzake. Naandika uzi huu kwa sababu naamini Maandiko yenyewe yanalikabili swali hili mapema sana, katika kitabu cha Kutoka, na kwamba habari ya wokovu inayofuata baada ya hapo, mpaka msalabani, ndiyo jibu lake. Nawaomba msome mkiwa na Biblia mkononi, kwa sababu nitataja sura nyingi na sitaweza kuzinukuu zote.

Tuanze na Kutoka 34:6-7. Katika mlima Sinai, Mungu anapita mbele ya Musa na kulitangaza jina lake mwenyewe: "BWANA, BWANA, Mungu mwingi wa huruma, mwenye fadhili, si mwepesi wa hasira, mwingi wa rehema na kweli." Maneno haya tunayapenda na tunayaimba, lakini ni wachache wanaokumbuka yalitamkwa lini. Waisraeli walikuwa wamekwisha kuapa kwamba yote aliyoyanena Bwana watayatenda (Kutoka 24:3). Musa akapanda mlimani kwa siku 40, na kabla hajashuka, watu wale wale walikuwa wameyeyusha pete zao za dhahabu, wakatengeneza sanamu ya ndama na kuisujudia. Musa akazivunja mbao za mawe chini ya mlima, na siku ile watu wapata 3,000 wakafa. Baada ya hayo ndipo Mungu anapomwagiza Musa achonge mbao nyingine mbili, na ndipo anapolitangaza jina lake. Angeweza kulitangaza pale Bahari ya Shamu, watu walipokuwa wakiimba kwa shangwe, au siku walipokula kiapo. Alichagua kulitangaza kwa taifa lililokuwa limelivunja agano kabla wino wake haujakauka.

Hata hivyo tangazo hilo haliishii kwenye sehemu tunayoipenda. Linaendelea kusema kwamba yeye ni mwenye kusamehe uovu na makosa na dhambi, "wala si mwenye kumhesabia mwenye hatia kuwa hana hatia kamwe", na kwamba huwapatiliza watoto uovu wa baba zao hata kizazi cha tatu na cha nne. Naomba tusiipite haraka sehemu hii. Katika sentensi moja, Mungu anasema kwamba anasamehe hatia na kwamba hafumbii macho hatia. Anayesoma kwa makini lazima ajiulize: atafanyaje yote mawili? Hakimu anayemwachia muuaji aende zake hatumwiti mwenye rehema, tunamwita fisadi, na mjane wa aliyeuawa ana haki ya kulia mbele za Mungu. Kwa upande mwingine, kama kila hatia italipwa na aliyeitenda, hakuna atakayesalia, si Haruni aliyeitengeneza sanamu wala Musa mwenyewe. Pande zote mbili za mabishano yetu zimo ndani ya jina hilo, na hakuna upande ulio na ruhusa ya kuukata mwenzake.

Sehemu hii ya Maandiko haikubaki Sinai. Wapelelezi waliporudi na taifa likakataa kuingia katika nchi ya ahadi, Musa alimwomba Mungu kwa kumrudishia maneno yake mwenyewe (Hesabu 14:18). Yanasikika tena katika Zaburi ya 86, ya 103 na ya 145, katika Yoeli 2:13, na katika Nehemia 9:17, ambako waliorudi kutoka uhamishoni wanayatamka wakiitaja ile ndama kwa jina. Nahumu anayatumia pia, ila yeye anaegemea upande wa hukumu, kwa kuwa unabii wake ni juu ya Ninawi, mji wa Waashuri, na damu iliyomwagwa na mji ule.

Ninawi unatuleta kwa Yona, ambaye kwa maoni yangu ndiye shahidi wa ajabu kuliko wote, kwa sababu anayanukuu maneno haya akiwa amekasirika. Tunafundishwa tangu utotoni kwamba Yona alikimbilia Tarshishi kwa woga, lakini yeye mwenyewe hasemi hivyo. Katika sura ya 4 anasema alikimbia kwa sababu alijua kwamba Mungu ni mwenye neema, amejaa huruma, si mwepesi wa hasira, na hughairi mabaya. Alikuwa akiyajua maneno ya Kutoka 34 kwa moyo, na hakutaka yawafikie Waashuri, watu waliojulikana kwa ukatili. Mungu anamjibu kwa swali linalokifunga kitabu: je, asiuhurumie mji wenye watu zaidi ya 120,000 wasiojua kupambanua mkono wa kuume na wa kushoto, na wanyama wengi pia? Kitabu hakituambii Yona alijibu nini. Yeyote aliyewahi kumtakia mtu fulani asisamehewe anapaswa kukaa na swali hilo kwa muda.

Sasa tugeuke kwenye ahadi, kwa maana rehema isiyo na ahadi ingetuacha tukibahatisha kila siku kama Mungu ameamkaje. Katika Mwanzo 15, Mungu anamwahidi Abramu uzao kama nyota, na Abramu anaamini, naye anahesabiwa jambo hilo kuwa haki. Lakini mara baada ya kuamini anauliza: "Nipateje kujua?" Mungu hamkemei. Anamwambia alete ndama, mbuzi mke na kondoo mume, kila mmoja wa miaka mitatu, pamoja na hua na mwana wa njiwa. Abramu anawapasua wale wanyama wakubwa vipande viwili viwili, anavipanga vielekeane, kisha anakaa akiwafukuza ndege walao mizoga wanaotua juu yake. Yeremia 34:18 inatusaidia kuelewa maana ya tendo hilo: wanaofanya agano walipita katikati ya vipande, wakijiapiza kwamba yatakayempata mvunja agano ni kama yaliyompata mnyama yule.

Tungetazamia Abramu apite, au wapite wote wawili. Haikuwa hivyo. Jua lilipokuwa likichwa, usingizi mzito ukamshika Abramu, na katika giza tanuru ya moshi na mwenge wa moto vikapita kati ya vile vipande. Mungu alipita peke yake, mwanadamu akiwa amelala. Mwandishi wa Waebrania (6:13-18) analitazama jambo linalofanana na hilo anapokumbusha kwamba Mungu, kwa kuwa hakuwa na mkubwa kuliko yeye wa kuapa kwake, aliapa kwa nafsi yake, ili warithi wa ahadi wawe na faraja iliyo imara. Mimi naona ndiyo sababu agano lile lilidumu licha ya uongo wa Abrahamu kule Gerari, hila za Yakobo, na ndama ya Sinai. Kiapo kilichukuliwa na yule asiyeweza kusema uongo.

Nataka nikae kidogo kwa mfalme Manase, ambaye hahubiriwi sana. Alikuwa mwana wa Hezekia, mfalme mwema. Akatawala akiwa na umri wa miaka 12, na akakaa Yerusalemu miaka 55. Soma 2 Wafalme 21 na 2 Nyakati 33 kwa pamoja. Alijenga madhabahu za sanamu ndani ya nyumba ya Bwana, akawapitisha wanawe motoni katika bonde la mwana wa Hinomu, akaijaza Yerusalemu damu isiyo na hatia. Hao ni watoto wake mwenyewe. Kama kuna mtu ambaye tungekubaliana kwamba amevuka mpaka, ni huyu. Kisha majemadari wa Ashuru wakamkamata, wakamfunga pingu, wakamchukua mpaka Babeli, na huko, katika taabu, akamsihi Bwana na kujinyenyekeza sana. Maandiko yanasema Mungu aliyasikia maombi yake na kumrudisha Yerusalemu katika ufalme wake. Huyu ndiye Mungu tunayemhubiri.

Lakini yasomeni na yanayofuata, kwa sababu hapa ndipo wengi tunapokwama. Manase aliiondoa sanamu na kuitengeneza madhabahu ya Bwana, ila watu waliendelea kutoa dhabihu katika mahali pa juu. Mwanawe Amoni aliyafuata mabaya ya baba yake na hakujinyenyekeza kama yeye. Hata baada ya matengenezo makubwa ya mjukuu wake Yosia, 2 Wafalme 23:26 inasema kwamba ghadhabu juu ya Yuda haikugeuka, kwa sababu ya machukizo ya Manase. Watoto waliochomwa hawakurudi. Vivyo hivyo kwa mfalme Daudi, aliyezini na mke wa Uria na kumwua mumewe kwa hila: nabii Nathani alimwambia kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake na hatakufa, ingawa katika mazungumzo yale yale alikuwa amemwambia kwamba upanga hautaondoka nyumbani mwake. Msamaha wa Mungu humrudisha mtu kwa Mungu mara moja na kwa kweli, ila haufuti kila kilichopandwa. Nasema hivi kwa ajili ya wale wanaodhani hawajasamehewa kwa sababu tu matokeo ya makosa yao bado yanawaandama. Daudi alikuwa amesamehewa huku akiyalilia matokeo.

Turudi sasa kwenye swali la Sinai: atasameheje asihesabu hatia kuwa si hatia? Torati ilitoa jibu la muda. Siku ya kumi ya mwezi wa saba, kuhani mkuu aliingia ndani ya pazia na kunyunyiza damu juu ya kiti cha rehema, yaani kifuniko cha sanduku la agano, na mbele yake, na kisha akaungama maovu yote ya Israeli juu ya kichwa cha mbuzi aliye hai, ambaye alipelekwa jangwani (Walawi 16). Hatia haikupuuzwa, ilibebwa. Lakini ibada hiyo ilirudiwa kila mwaka, na Waebrania 10 inalitumia jambo hilo kama ushahidi: kama ingekamilisha kazi, wasingeacha kuitoa? Isaya 53 inapiga hatua nyingine, kwa kumwonyesha mtumishi ambaye Bwana ameweka juu yake maovu yetu sisi sote. Hapo mbebaji si mnyama tena.

Paulo analimaliza swali hilo katika Warumi 3:25-26. Anasema Mungu alimweka Kristo Yesu awe upatanisho kwa damu yake, kwa sababu katika ustahimili wake alikuwa ameziachilia dhambi zilizotangulia, yaani za kina Manase na Daudi, "ili awe mwenye haki na mwenye kumhesabia haki yeye amwaminiye Yesu". Pande mbili za jina la Sinai zimekutana mahali pamoja. Hatia imehesabiwa kuwa hatia mpaka mwisho wake, na mwenye hatia ameachiliwa. Yule aliyepita peke yake kati ya vipande vya wanyama akaja akaibeba laana ya agano ambalo si yeye aliyelivunja. Tena ilikuwa wakati gani? Warumi 5:8 inasema ni tulipokuwa tungali wenye dhambi, kama vile tangazo la Sinai lilivyokuja watu wakiwa wameanguka. Ndugu wanaofundisha kwamba Yesu alikufa ili kumshawishi Baba atupende wameigeuza Injili, kwa maana Baba ndiye aliyempenda ulimwengu hata akamtoa Mwana.

Naendelea na maswali yaliyokwisha kuulizwa hapa chini.

Dada mmoja ameuliza: kama ni hivyo, kuna haja gani ya kuacha dhambi? Paulo aliulizwa vivyo hivyo, na jibu lake katika Warumi 6 ni kwamba walioifia dhambi hawawezi kuendelea kuishi ndani yake. Tito 2:11-12 inasema neema yenyewe ndiyo inayotufundisha kuukataa ubaya. Bwana Yesu naye alilieleza kwa hesabu katika Mathayo 18. Mtumwa mmoja alisamehewa talanta 10,000, akatoka nje akamkaba koo mwenzake aliyekuwa na deni lake la dinari 100. Dinari moja ilikuwa ujira wa siku moja, na talanta moja ilikuwa sawa na dinari 6,000 hivi. Maana yake deni la kwanza lilikuwa ujira wa siku milioni 60, yaani zaidi ya miaka 160,000 ya kufanya kazi bila kupumzika hata siku moja, na la pili lilikuwa ujira wa miezi mitatu na siku chache. Angalieni kwamba miezi mitatu ya ujira si fedha kidogo. Yesu hasemi kwamba tuliyotendewa na wenzetu ni madogo. Anasema mtu anayemkaba mwenzake koo baada ya kusamehewa deni kama lile anaonyesha kwamba hajauelewa msamaha alioupewa, na mfalme katika mfano ule hakulichukulia jambo hilo kwa wepesi.

Kuhusu imani na matendo, jambo ambalo limetugawa kwa karne nyingi, napenda ifahamike kwamba tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Kilutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja kuhusu fundisho la kuhesabiwa haki, wakikiri pamoja kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, kwa imani katika kazi ya Kristo, wala si kwa stahili yoyote iliyo ndani yetu, na kwamba Roho hutuita na kutuwezesha kutenda mema. Wamethodisti wakaliunga mkono mwaka 2006. Tofauti bado zipo, lakini aliye tayari kumwita mwenzake mpagani kwa ajili ya jambo hili alisome kwanza tamko hilo.

Swali la pili limeulizwa na mtu anayesema hawezi kulala kwa kuogopa kwamba ametenda ile dhambi isiyosameheka. Ndugu yangu, soma Marko 3:22-30 kuanzia mwanzo. Waandishi waliotoka Yerusalemu waliona watu wakifunguliwa, nao wakasema kwamba Yesu anafanya hivyo kwa mkuu wa pepo. Kabla ya onyo lile, kwamba anayemkufuru Roho Mtakatifu hana msamaha, Yesu anatangaza kwamba wanadamu watasamehewa dhambi zote na kufuru zote watakazokufuru, na baada ya onyo mwinjili anaeleza sababu yake: walikuwa wamesema, "Ana pepo mchafu." Onyo linamhusu anayeitazama kazi ya Roho wa Mungu machoni na kuiita ya Shetani, akiukataa mkono pekee ulionyooshwa kumwokoa. Mtu anayelia usiku akitamani kusamehewa na Kristo hayuko mahali walipokuwa waandishi wale.

Tazama pia tofauti ya Petro na Yuda, maana wote wawili walimkosea Bwana usiku ule ule, na wote wawili walijuta. Yuda alizirudisha vipande 30 vya fedha na kukiri kwamba ameisaliti damu isiyo na hatia. Alikiri kwa makuhani, watu ambao kazi yao ilikuwa kumsaidia mwenye dhambi, nao wakamjibu kwamba hayo hayawahusu, ayaangalie mwenyewe. Sijui maneno ya kikatili zaidi katika habari yote ya mateso, na watumishi wa Mungu tunapaswa kutetemeka tunapoyasoma. Petro, aliyemkana Bwana akiota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu (Yohana 18:18), aliletwa tena mbele ya moto wa makaa kando ya bahari (Yohana 21:9), ambao Yesu mwenyewe alikuwa ameuandaa, na samaki na mkate juu yake. Akaulizwa mara tatu kama anampenda, sawasawa na mara alizokana, na kila jibu likafuatiwa na agizo la kulisha kondoo. Hakufichiwa kosa lake, wala hakunyang'anywa utume wake.

Swali la mwisho: mtu aliyetubu, akaanguka, akatubu tena, ataendelea kupokewa mpaka lini? Katika Luka 17:4 Yesu anawaagiza wanafunzi wamsamehe ndugu anayerudi mara saba kwa siku akisema ametubu. Hawezi kuwadai wanadamu rehema iliyo kubwa kuliko ya Baba yake. Ahadi yenyewe imo katika 1 Yohana 1:9, na naomba uyasome maneno mawili ya katikati kwa utulivu: "Tukiziungama dhambi zetu, Yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu, na kutusafisha na udhalimu wote." Tungetazamia Yohana aseme kwamba Mungu ni mpole, au mvumilivu, nayo ingekuwa kweli. Amesema ni mwaminifu, kwa sababu ameapa, na ni wa haki, kwa sababu deni limekwisha kulipwa, na haki yake haidai malipo mara mbili. Kwa hiyo unaporudi leo, baada ya anguko lile lile la jana, unairudia haki ya Mungu sawasawa na unavyoirudia huruma yake, na Yohana 6:37 inasimama kama ilivyo: "Wala ye yote ajaye kwangu sitamtupa nje kamwe."

Mwenye swali jingine juu ya Waebrania 6:4-6, kuhusu wale walioanguka baada ya kupewa nuru, ambalo naona limeanza kutajwa, aliweke hapa tulijadili kwa nafasi yake, kwa kuwa linahitaji sura nzima ya 5 na ya 6 zisomwe pamoja.